Matao Matatu ya Mto Élorn

Zamani, aliyetaka kutoka Plougastel kwenda Brest, magharibi kabisa ya Ufaransa, alivuka mto Élorn kwa kivuko au alizunguka kupitia mji wa Landerneau. Na watu wa Plougastel ni wakulima wa stroberi, tunda lisilojua kusubiri.

Ujenzi wa daraja ulianza 1926 chini ya mhandisi Eugène Freyssinet: matao matatu ya zege, kila moja likiruka zaidi ya mita 180. Wakati huo duniani hapakuwa na tao la zege refu kuliko hayo. Lakini kilichonivutia mimi zaidi ni kiunzi cha mbao kilichobeba zege lilipokuwa bichi. Kilijengwa kimoja tu, kikatumika mara tatu. Tao likishakauka, kiunzi kilishushwa juu ya matishali, kikaelea hadi kwenye nguzo zinazofuata. Maji kujaa na kupwa, adui wa kila mjenzi wa pwani, hapa yaligeuzwa kibarua.

Freyssinet alikuwa ameshaumwa na nyoka. Katika daraja lake la Le Veurdre, kwenye mto Allier, matao yalianza kubonyea miezi michache baada ya kukamilika. Alipanda baiskeli usiku, akaamsha watu wanne, wakarudisha jeki kileleni mwa matao na kuyainua. Vitabu vya siku zile vilidai kwamba zege likishakauka halisogei. Yeye aliona kwa macho yake kwamba likibebeshwa mzigo husinyaa polepole, miezi na miaka. Huko Élorn alilipima jambo hilo kwa makini, na mwaka 1928, kazi ikiendelea, akapata hataza ya zege lenye nyaya zilizovutwa kabla ya kubeba mzigo. Madaraja mengi tunayopita leo yamesimama kwa mbinu hiyo.

Rais Gaston Doumergue alilifungua daraja la Élorn tarehe 9 Oktoba 1930, nalo likaitwa Albert-Louppe, kwa heshima ya kiongozi wa baraza la mkoa wa Finistère aliyelipigania. Mwaka 1944 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walilipua tao moja. Likajengwa upya, magari yakarudi 1949.

Tangu 1994 magari yanapita Daraja la Iroise, jirani yake. Mzee ameachiwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Chini ya miguu yao kuna ghorofa iliyotengwa kwa ajili ya reli. Treni haijawahi kupita humo hata siku moja.