Padre Mwenye Haraka: Toba na Mamlaka katika Maandishi ya Kale ya Uingereza

Mkutano Mkuu wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza kwamba kila Mkristo aliyefikia umri wa kupambanua mema na mabaya aungame dhambi zake zote angalau mara moja kwa mwaka, mbele ya padre wake mwenyewe. Hivyo toba, iliyo jambo la moyo, ikafungamanishwa na mtu mmoja mwenye mamlaka. Je, mtu huyo akiwa mjinga au mwenye tamaa, mwenye dhambi aende wapi?

Swali hilo liliwasumbua waandishi wa Uingereza wa karne ya 14. William Langland, katika utenzi wake Piers Plowman, hakuyakataa maungamo, alimshitaki mwungamishi. Mwishoni mwa utenzi huo mtawa ombaomba aingia kama tabibu, ambandika Majuto dawa kwa fedha kidogo, naye Majuto asahau kulia. Geoffrey Chaucer alimweka mwuza vyeti vya msamaha katika msafara mmoja na padre maskini mwaminifu, ambaye hadithi yake ni mafundisho marefu (yenye kuchosha, ni kweli) juu ya majuto, maungamo na malipizo.

Lakini atufaaye zaidi sisi tusikilizao maungamo ni Margery Kempe, mwanamke wa mji wa Lynn, aliyesimulia kitabu chake, wengine wakakiandika. Baada ya kumzaa mtoto wake wa kwanza aliugua, akaogopa kufa, akamwita padre ili aungame dhambi moja aliyoificha kwa muda mrefu. Kabla hajaitamka, padre akaanza kumkemea kwa ukali. Akanyamaza. Kwa kuhofu hukumu upande huu na ukali wa padre upande ule, alirukwa na akili zaidi ya nusu mwaka, hata ikabidi afungwe. Asema aliyemponya ni Kristo mwenyewe, aliyeketi kitandani pake na kumwuliza kwa nini amemwacha.

Hapo msomaji wa Kilutheri huenda akashangilia upesi kwamba mamlaka ya padre yamevunjika. Sivyo. Ungamo letu la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 11, lenyewe lataka ondoleo la faragha lidumishwe, ila halidai dhambi zote zihesabiwe. Naye Margery alirudi kwa mapadre, pengine mara mbili au tatu kwa siku, akiungama hasa ile dhambi aliyoificha. Kitabu chake hakiitaji.