Ulinzi wa watoto na ustawi wa jamii mkoani Dodoma

Ulinzi wa watoto mkoani Dodoma ni kazi ya kuwatunza na kuwasimamia watoto waliofiwa na wazazi, waliotelekezwa, wanaofanyiwa ukatili au waliopotezana na familia zao katika mkoa wa Dodoma, kwenye nyanda za kati za Tanzania. Kazi hii huongozwa na maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri, wakishirikiana na polisi, mahakama, mashirika ya dini, asasi za kiraia na viongozi wa vijiji na mitaa. Makao ya watoto, ambayo watu wengi wamezoea kuyaita vituo vya yatima, ni sehemu moja tu ya kazi hiyo, na kwa mujibu wa miongozo ni ya mwisho kufikiriwa.

Jina hilo la "vituo vya yatima" linapotosha. Duniani kote wengi wa watoto wanaoishi katika makao wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Mara nyingi kilichomtoa mtoto nyumbani si kifo bali umaskini, ugonjwa, ulemavu, ndoa iliyovunjika au ukatili. Kwa hiyo swali la kwanza la afisa si "kitanda kiko wapi?" bali "ndugu zake ni akina nani, na wanakwama wapi?"

Mazingira na historia

Dodoma ni nchi kame. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na kwa kawaida haizidi milimita 600 kwa mwaka. Wakulima hutegemea mtama, uwele na mifugo. Mavuno yakikosekana, baba huenda mbali kutafuta kibarua, wavulana huchunga ng'ombe wa watu au hukimbilia mjini, na wasichana hupelekwa Dar es Salaam na miji mingine kufanya kazi za ndani.

Hali hii si ngeni. Njaa kubwa iliyowapata Wagogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, wanayoiita Mtunya, iliua watu wengi na kutawanya familia. Baadhi ya wazazi waliwaweka watoto wao rehani kwa jirani mwenye nafaka ili mtoto apate kula. Ulezi wa ukoo ulikuwepo, ila ulielemewa kwa kuwa ukoo wote ulikuwa na njaa kwa wakati mmoja.

Huduma za ustawi wa jamii za serikali zilianza Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa kwa ajili ya askari waliorudi kutoka vitani. Baada ya uhuru zilielekezwa zaidi kwa familia na watoto, na chuo cha kuwafundisha maafisa, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, kilianzishwa Dar es Salaam kwa sheria ya mwaka 1973. Janga la UKIMWI, lililogunduliwa nchini mwaka 1983, liliacha nyumba nyingi mikononi mwa bibi na babu, na makao ya watoto yakaongezeka.

Sheria

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Sheria kuu Tanzania Bara ni Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, iliyokusanya mahali pamoja mambo yaliyokuwa yametawanyika katika sheria kadhaa. Inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, inazipa serikali za mitaa wajibu wa kumlinda, na inamtaka mwanajamii yeyote anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa. Mahakama inaweza kutoa amri ya matunzo, inayomweka mtoto chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, au amri ya usimamizi, ambapo mtoto hubaki kwao na afisa humtembelea. Pia yako malezi ya kambo na kuasili. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011, ambayo inatambua pia kafala, yaani malezi ya Kiislamu yasiyobadilisha nasaba ya mtoto.

Kazi ya afisa ustawi wa jamii

Taarifa huanzia kwa mwalimu, muuguzi, mtendaji wa kijiji, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu ya bure 116. Afisa humsikiliza mtoto peke yake, kisha hufika nyumbani. Huangalia chakula, mahali pa kulala na nani anabaki na mtoto mchana, na huwauliza majirani bila kumwaibisha mtu. Matokeo huandikwa katika taarifa ya uchunguzi wa kijamii, ambayo hakimu huitegemea sana.

Mtoto akiwa hatarini usiku huohuo, njia inayopendekezwa ni kumpeleka kwa familia ya kuaminika, yaani kaya iliyochunguzwa na kuandaliwa mapema, badala ya kumlaza kituo cha polisi. Kumrudisha kwao nako huenda kwa hatua: ziara fupi, likizo, kisha kurudi moja kwa moja, na afisa kuendelea kufuatilia. Hatua hii ya mwisho ndiyo huachwa mara nyingi. Afisa ni mmoja kwa vijiji vingi, usafiri ni shida, na jalada likishafungwa mtoto anaweza kurudi mtaani bila mtu kujua.

Ukeketaji huonyesha ugumu wa kazi hii. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilipoukataza kwa wasichana chini ya miaka 18, baadhi ya familia hukeketa watoto wachanga kwa siri, kwa imani kwamba ni tiba ya "lawalawa", maradhi ya sehemu za siri ambayo hutibika hospitalini. Anayeshukiwa huweza kuwa bibi yuleyule ambaye afisa angemtegemea kama mlezi.

Makao ya watoto

Kijiji cha Matumaini, kilichoanzishwa Dodoma mwaka 2002 na wamisionari Wakatoliki kwa ajili ya watoto wenye virusi vya UKIMWI, kina nyumba ndogo zinazofanana na kaya badala ya mabweni. Makao ya Taifa ya serikali yako Kikombo, nje kidogo ya jiji.

Sababu ya kupendelea kaya ni ya kisayansi pia. Utafiti uliofanyika Romania ulionyesha kuwa watoto waliohamishiwa kwenye familia za kambo kabla ya kufikisha takriban miaka miwili walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia kuliko waliobaki katika taasisi. Hapa nchini, watoto wenye ualbino waliokusanywa katika shule kama Buhangija, Shinyanga, baada ya mauaji ya miaka ya 2000, waliokoka, lakini baadhi yao walipoteza mawasiliano na familia kwa miaka mingi.

Kuisaidia kaya mapema pia ni ulinzi. Chamwino, wilaya jirani na jiji la Dodoma, ilikuwa miongoni mwa wilaya tatu, pamoja na Bagamoyo na Kibaha, ambako TASAF ilijaribu kuanzia mwaka 2010 kuzipa kaya maskini fedha kwa masharti ya watoto kuhudhuria shule na kliniki. Majaribio hayo yaliutangulia mpango wa taifa wa kunusuru kaya maskini.

Baada ya kufikisha miaka 18

Amri ya matunzo haiwezi kuendelea baada ya mtoto kufikisha miaka 18. Kijana aliyekulia katika makao hutakiwa kupanga chumba, kutafuta kazi na kujaza fomu za kitambulisho cha taifa zinazouliza habari za wazazi. Ikiwa jalada lake halikuwahi kuandika jina la kijiji chake wala la ndugu yeyote, afisa hulazimika kuanza upya uchunguzi ambao ungefanyika siku ya kwanza alipopokelewa, wakati shangazi au mjomba bado alikuwa hai wa kuulizwa.