Newstead: Nyumba ya Watawa Waliyofikia Susi na Chuma

Mwaka 2024 wapenzi wa fasihi waliadhimisha miaka 200 tangu kufariki kwa mshairi Lord Byron, na Newstead Abbey, makao ya ukoo wake huko Nottinghamshire, Uingereza, ikatajwa tena. Mwaka huohuo ilitimia miaka 150 tangu Abdullah Susi na James Chuma, Waafrika waliobeba mwili wa mmisionari David Livingstone hadi pwani, waifikie nyumba hiyo. Maadhimisho haya ya pili ndiyo yanayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, nayo yametupita hivi hivi.

Newstead ilianza karne ya 12 kama nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino. Mfalme Henry VIII aliifunga mwaka 1539, nayo ikaangukia mikononi mwa akina Byron. Kanisa limebaki ukuta wa mbele tu. Ukitazama kupitia dirisha lake kubwa unaona mbingu. Mshairi alielemewa na madeni, akaiuza. Bustanini aliacha kaburi la fahari la mbwa wake, Boatswain.

Mwaka 1861 Newstead ilinunuliwa na William Webb, mwindaji aliyefahamiana na David Livingstone Afrika. Livingstone alikaa hapo kati ya 1864 na 1865 akiandika kitabu chake cha safari za Zambezi. Binti wa Webb, Augusta Fraser, alitoa kitabu kizima kuhusu urafiki huo mwaka 1913, na humo nyota ni Livingstone.

Lakini tusimame kwa Susi na Chuma. Baada ya Livingstone kufariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wao na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mazishi yalifanyika London tarehe 18 Aprili, wao hawapo. Waliouvusha mwili nyika na mito hawakuuona ukishushwa kaburini! Nauli yao ya kwenda Uingereza ililipwa baadaye na James Young, rafiki wa marehemu.

Ipo picha ya mwaka huo iliyopigwa Newstead: Susi na Chuma wako na Kasisi Horace Waller na watoto wa Livingstone, Agnes na Tom, mbele yao shajara na ramani za marehemu. Waller alikuwa akihariri shajara hizo, na maandishi yalikatika tarehe 27 Aprili 1873. Siku za mwisho za mgonjwa, na miezi yote ya msafara wa kurudi pwani, zilikuwa vichwani mwa hawa wawili. Walisimulia, Waller akaandika. Kitabu kilipotoka, jina la mhariri likawa lake, wao wakaitwa watumishi waaminifu. Kwa haki, sehemu ile ya mwisho ya kitabu ni yao.

Tangu 1931 Newstead ni mali ya jiji la Nottingham. Wageni hutembea kando ya mabwawa na katika bustani ya Kijapani. Na wale wawili? Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, Susi mwaka 1891. Mwafrika Mashariki atakayefika Newstead, kabla ya kuonyeshwa kaburi la mbwa, aulizie kwanza habari za watu hawa wawili.