Rauta ya Baba Mdogo

Mwaka jana niliingia hadiwea moja mjini Nyeri nikauliza kama wana rauta. Kijana wa kaunta akanitolea kisanduku cheupe chenye antena mbili. "Hii inashika nyumba nzima," akaniambia. Nikacheka. Mimi nilikuwa natafuta ile ya mbao.

Rauta ya seremala ni mota ndogo yenye vishikio viwili, na chini yake kunafungwa biti inayozunguka zaidi ya mara elfu ishirini kwa dakika. Ndiyo inayochora ukingo wa meza ukawa na mawimbi, inayochimba mfereji wa kuingiza kioo cha kabati, inayokata nafasi ya bawaba kwa dakika mbili badala ya nusu saa ya patasi na nyundo. Wazo lenyewe ni la zamani kiasi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mmarekani aitwaye R. L. Carter alianza kutengeneza rauta za kushikwa kwa mkono, na mwaka 1929 kampuni ya Stanley ikanunua biashara yake.

Nilikuwa nainunulia baba mdogo. Ukweli ni kwamba nilikuwa narudisha deni.

Baba mdogo ana karakana ya mabati kando ya barabara ya kwenda Othaya. Mimi nina jina la babu, yaani baba yake, kwa hiyo tangu nikiwa mtoto ananiita "baba". Mwaka 2018 nilipopata nafasi ya chuo kikuu, karo ikapungua, naye akauza rauta yake. "Baba," aliniambia, "mashini inanunuliwa tena. Shule haingoji." Miaka miwili baadaye nikaacha chuo. Hakuniuliza kitu. Alirudi tu kwenye randa ya mkono, na kila nikipita pale nilikuwa nasikia ile *shwaa, shwaa* kama mtu ananisema.

Nimejiuliza sana: kwa nini ilionekana jambo la kawaida kabisa kuuza chombo cha kazi ili mtu akasome? Jibu nimelipata kwenye historia ya hapa kwetu.

Useremala haukuletwa na mzungu. Wakikuyu walikuwa wakichonga viti vya miguu mitatu na mizinga ya nyuki kwa shoka na tezo muda mrefu kabla. Kilicholetwa ni useremala wa randa, msumari na mlango wa fremu. Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu kutoka Italia mwaka 1902, kisha wakaweka makao Mathari, Nyeri. Waskoti wakaanzisha misheni ya Tumutumu mwaka 1908. Misheni inataka madawati, madirisha na paa, kwa hiyo inataka maseremala.

Lakini ufundi huo ulikuja na mdomo wake. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki na kusisitiza kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na maisha yake: kilimo, afya, kazi za mikono. Karibu wakati huohuo serikali ilifungua chuo cha mafundi kule Kabete. Si ati mafunzo yalikuwa mabaya. Shida ni kwamba wazazi wengi waliona mtoto wa mzungu akipewa kitabu na wao wakipewa msumeno, wakaelewa maana yake. Baada ya mgogoro wa 1929 kuhusu tohara ya wasichana, Wakikuyu walipojenga shule zao huru bila misheni, moja ya madai yao makubwa lilikuwa masomo ya darasani, na Kiingereza hasa. Kitabu kikawa mlango wa kutokea. Mbao ikabaki ya yule aliyekosa mlango.

Halafu ikaja miaka ya hamsini, mbao ikapewa kazi nyingine. Katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, wapiganaji wa Mau Mau hawakuwa na bunduki za kutosha, wakatengeneza zao. Mtutu ulitoka kwenye bomba la maji, kipande cha komeo la mlango kikafanya kazi ya kufyatulia, mpira wa tairi ukavuta, na kitako kikachongwa kwa mbao. Nyingine zilimlipukia mwenyewe. Ukiangalia sanamu ya Dedan Kimathi mjini Nairobi, fikiria pia mafundi ambao majina yao hayakuchongwa popote.

Uhuru haukumaliza ule ubishi wa kitabu na msumeno. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza watoto wanaomaliza shule ya msingi waende wapi, na kutoka hapo zikazaliwa polytechnic za vijijini. Baba mdogo alipita katika moja yao. Mwaka 1972 watu wa Nyeri walianzisha, kwa harambee, Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, ili vijana wapate ufundi. Mwaka 2007 taasisi hiyo ikawa chuo kikuu kishiriki, na Desemba 2012 ikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba hata shule tuliyoichangia iwe ya mafundi, mwishowe tulifurahi zaidi ilipoanza kutoa digrii.

Kwa hiyo baba mdogo alipouza rauta, hakufanya kioja. Alifanya kile ambacho Nyeri imekuwa ikifanya kwa karibu miaka mia moja. Tena Februari mwaka huo huo serikali ilikuwa imesimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Mbao zikapanda bei na oda zikapungua. Ni Julai 2023 ndipo Rais Ruto alipotangaza kuondoa marufuku hiyo.

Sasa, kununua. Kama nawe unataka kumnunulia fundi wako, sikia nilichojifunza kwa miezi ya kuulizauliza.

Kwanza chungulia benchi lake kabla hujaenda dukani. Biti zina shina la robo inchi au nusu inchi, na za milimita pia zipo. Alizonazo zisipoingia kwenye mashini, umempa pambo. Pili, jua kazi yake. Trimmer ndogo ya wati 500 hadi 700 inatosha kingo na bawaba. Milango ya mbao ngumu inataka ya wati 1,600 kwenda juu, yenye kitako cha kushuka chini polepole. Tatu, iwe na kirekebisha mwendo, maana biti pana ikienda kasi sana ni hatari, na mbao ikikaa mahali pamoja inaungua. Nne, usidanganywe na mtumba wa Marekani wa volti 110. Umeme wetu ni 240, itaungua siku ya kwanza. Tano, uliza kama kaboni za mota zinapatikana hapahapa. Na uwe macho na bandia: jina kubwa kwenye boksi kwa bei ya kutupa ni dalili mbaya. Ukibaki na chenji, nunua miwani na vizuia sauti.

Nilichukua ya nusu inchi. Pesa ilikuwa ya makala kumi na moja.

Nilimpelekea Jumamosi. Nilikuwa nimepanga hotuba ya kuomba msamaha, ikaniishia mdomoni. Alifungua boksi, akazungusha shina kwa kidole kusikiliza beringi, akaenda kwenye rafu ya juu kabisa. Akateremsha mkebe wa maziwa ya watoto. Ndani, zimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta, zilikuwa biti zake zote. Hakuwa ameuza hata moja.

Akaingiza moja. Ikakaa.

"Baba," akasema bila kuniangalia, "shika mwisho wa mbao."