Afisa wa Jinsia wa Kujitolea katika Misheni za Kulinda Amani

Afisa wa jinsia wa kujitolea ni mtumishi wa kiraia ambaye, pasipo kupokea mshahara wa watumishi wa kudumu wa Umoja wa Mataifa, hutumwa katika misheni ya kulinda amani ili ahakikishe kwamba mambo yanayowapata wanawake na wanaume, wasichana na wavulana, kila mmoja kwa namna yake wakati wa vita na baada ya vita, yanajulikana, yanaandikwa, na yanatiwa katika mipango ya makamanda, mapolisi na maofisa wa siasa. Si mwanajeshi, si hakimu, wala si mgawaji wa misaada. Hana askari wa kuwaamrisha wala fungu kubwa la fedha la kutumia, na nguvu zake zote zimo katika maarifa anayoyapata kwa watu na katika uwezo wake wa kuyafikisha maarifa hayo mahali ambapo amri hutolewa. Hapa kazi hiyo itaelezwa hasa kwa mfano wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako misheni imedumu zaidi ya robo karne, na ambako watu wa mashariki, penye mapigano mengi, huzungumza Kiswahili.

Wadhifa huu ulizaliwa pale yalipokutana mambo mawili ambayo kwa muda mrefu yalikuwa hayajuani. La kwanza ni mpango wa watu wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa na Baraza Kuu kwa azimio nambari 2659 la tarehe 7 Desemba 1970, ukaanza kazi mwaka uliofuata chini ya dhamana ya Shirika la Maendeleo la umoja huo, na ambao tangu mwaka 1996 makao yake yamo Bonn, Ujerumani. Hapo mwanzo waliotumwa walikuwa aghalabu waalimu, matabibu, wahandisi na mabwana shamba. Hawakudhaniwa kuwa watu wa kupelekwa mahali ambapo bunduki hazijanyamaza. Kambodia ndiyo iliyobadili mambo, kwani katika miaka ya 1992 na 1993 mamia ya watu wa kujitolea walisambazwa wilayani kuandikisha wapiga kura na kusimamia uchaguzi, na mmoja wao, Mjapani Atsuhito Nakata, aliuawa pamoja na mkalimani wake Mkambodia mwezi wa Aprili 1993, majuma machache kabla ya kura kupigwa.

La pili lina asili ya Afrika, na ni wajibu kulieleza kwa urefu, maana wengi hudhani kwamba fikira ya kuwashirikisha wanawake katika mambo ya amani ilibuniwa New York ndipo ikaletwa huku. Mwishoni mwa Mei 2000, katika kukumbuka miaka kumi tangu misheni ya Umoja wa Mataifa iliyoitwa UNTAG kuisindikiza Namibia hadi uhuru wake, walikutana mjini Windhoek watu wenye uzoefu wa misheni mbalimbali, wakatoa Azimio la Windhoek pamoja na Mpango wa Utekelezaji wa Namibia, wakidai kwamba usawa wa wanawake na wanaume uingizwe katika kila daraja ya kazi ya kulinda amani, kuanzia uteuzi wa viongozi hadi mafunzo ya askari wa cheo cha chini kabisa. Ikawa kwa kadari njema kwamba mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule zamu ya urais wa Baraza la Usalama ilikuwa ya Namibia, nayo ikalileta jambo hilo mbele ya mataifa, na tarehe 31 Oktoba 2000 Baraza likapitisha kwa kauli moja azimio nambari 1325. Ndani yake Katibu Mkuu alihimizwa ahakikishe kwamba, panapofaa, misheni zinakuwa na kitengo cha mambo ya jinsia. Na kwa kauli hiyo zikapata nguvu ofisi ambazo tayari zilikuwa zimejaribiwa Kosovo na Timor ya Mashariki, na zikafunguliwa nyingine Kongo, Liberia, Burundi na kwingineko. Maazimio mengine yakafuata, likiwamo la 1820 la mwaka 2008, lililotamka kwamba ubakaji waweza kuwa mbinu ya vita, na la 1888 la mwaka 2009, lililoanzisha nafasi ya mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu kuhusu jambo hilo na ya washauri wa ulinzi wa wanawake. Lakini azimio hubaki karatasi mpaka apatikane mtu wa kulipeleka vijijini, na kwa kuwa fedha za kuajiri maofisa wa kudumu zilikuwa haba, watu wa kujitolea ndio waliotwikwa sehemu kubwa ya safari hizo.

Anayeomba kazi hii hutakiwa awe na elimu ya chuo kikuu, aghalabu katika sheria, elimu ya jamii au maendeleo, na uzoefu wa miaka kadhaa katika mashirika ya wanawake au ya haki za binadamu. Badala ya mshahara hupewa masurufu ya kila mwezi ya kutosha chakula, nyumba na mahitaji ya kawaida, pamoja na bima ya afya, nauli ya kwenda na kurudi, na nyongeza pale kituo kinapokuwa cha taabu. Wako wa kimataifa, wanaohudumu nje ya nchi zao, na wako wa kitaifa, wanaohudumu katika nchi yao wenyewe. Wala si lazima awe mwanamke, ijapokuwa yako mazungumzo ambayo mwanamume hawezi kuketi ndani yake.

Misheni ya Kongo iliundwa kwa azimio la tarehe 30 Novemba 1999 kwa jina la MONUC, na tangu tarehe 1 Julai 2010 ikaitwa MONUSCO. Ili mtu aielewe kazi ya afisa wetu yafaa aitazame siku moja ya safari katika wilaya kama Masisi, milimani, ambako barabara ya udongo huliwa na mvua na mwendo wa kilomita chache huchukua nusu siku. Msafara ukifika, afisa haendi kwanza kwa wanawake, huenda kwa chifu, hukaa, husalimu, hueleza kilichomleta, ndipo aseme, «Bwana Chifu, tunaomba ruhusa yako tuketi na akina mama peke yao.» Akikosa adabu hiyo, wanawake watakaozungumza naye ndio watakaoulizwa jioni walisema nini. Ruhusa ikipatikana huketi nao chini ya mikalitusi, wala hawaulizi habari ya ubakaji, kwani swali hilo mbele ya majirani ni jeraha la pili. Huwaomba wamchoree kijiji chao. Fimbo huwa mto, majivu yaliyomwagwa huwa njia, magunzi ya mahindi huwa nyumba, na kwa kuwa kila mmoja ana njia yake ya kwenda shambani, kisimani na kwenye kuni, mabishano huzuka, vicheko huzuka, na ramani hukamilika. Hapo ndipo huuliza, «Mama, siku ya soko mwaondoka saa ngapi?» Nao humjibu kwamba huondoka saa kumi za alfajiri, maana mwenye kuchelewa hauzi kitu, na kwamba mahali pa hofu ni pale kwenye mianzi, baada ya kuvuka mto.

Jibu hilo dogo lina uzito kuliko linavyoonekana, maana doria ya askari hutoka kituoni baada ya jua kuchomoza, hufuata barabara ya magari, na hurudi na taarifa kwamba hali ni shwari. Askari hawakudanganya, waliona njia wasiyoipita wanawake, katika saa ambayo wanawake wameshapita. Kazi ya afisa wa jinsia, ikiondolewa mapambo yote ya maneno ya maofisini, ni kumfanya kamanda akubali kwamba saa kumi za alfajiri na ile mianzi ng'ambo ya mto ni habari za kijeshi, zenye hadhi sawa na habari za idadi ya waasi na aina ya silaha zao. Ataliandika jambo hilo katika taarifa, atalisema katika mkutano wa asubuhi, atalirudia juma la pili mbele ya wanaume wenye nyota mabegani ambao huenda humwona kama mgeni wa mambo ya vita, na siku ile doria ikibadilishwa saa, ikaenda kwa miguu hadi kwenye mianzi siku za soko, atakuwa ametimiza kazi ambayo mikutano mingi haiifikii.

Lugha ni nusu ya kazi hii. Mwanamke aliyedhulumiwa hatasema jambo lake kwa kinywa cha mkalimani mwanamume, ambaye pengine ni shemeji wa jirani yake. Na kwa hiyo mtu wa kujitolea aliyetoka Kigoma au Mombasa, hata kama Kiswahili cha Goma chenye maneno ya Kifaransa kitamkwaza mwezi wa kwanza, ana neema ambayo mwenzake mwenye shahada nyingi hana. Brigedi ya kuingilia kati iliyoidhinishwa Machi 2013, yenye majeshi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, iliwaleta pia askari wa Kitanzania wanaozungumza lugha hiyo hiyo.

Gharama ya kutosikiliza ilionekana Luvungi, katika wilaya ya Walikale, ambako kuanzia tarehe 30 Julai hadi tarehe 2 Agosti 2010 makundi yenye silaha yaliviingilia vijiji vya kandokando ya barabara na kuwabaka watu zaidi ya 300, ilhali kituo cha askari wa misheni kilikuwa Kibua, si mbali. Simu hazikushika, wakalimani walikosekana, na askari waliopita njia ile hawakuambiwa kilichotokea. Baada ya msiba huo misheni iliongeza wasaidizi wa uhusiano na wananchi, Wakongo wenyewe wanaokaa karibu na vituo vya askari, ikasambaza simu na redio za kuitia msaada. Naye afisa wa jinsia huwategemea sana, hasa walio wanawake, kwa kuwa wao hubaki kijijini msafara unapoondoka.

Kwa aliyekwisha dhulumiwa, wajibu wa afisa una mpaka ulio wazi. Hachunguzi kesi wala hahoji. Humwelekeza kwa wenye kazi hiyo, na kwa hiyo sharti ajue bila ya kufungua daftari ni zahanati gani ina dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo hufaa zikianza ndani ya saa 72, na ni njia gani salama ya kufikia hospitali kubwa kama Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Sharti pia aijue sheria. Sheria za Kongo za tarehe 20 Julai 2006 zimepanua maana ya ubakaji na kuwalinda wote walio chini ya miaka 18, lakini mashambani bado familia hupatanishwa kwa mbuzi au kwa kumwoza binti kwa yule yule aliyemdhulumu, na mtu asiyeijua sheria hiyo huweza, kwa heshima tu ya mila, kukaa kimya mbele ya uovu huo.

Iko dhima nyingine iliyo nzito zaidi. Mwaka 2004 ilifichuka kwamba baadhi ya waliotumwa Kongo kulinda walikuwa wakiwatumia wasichana kingono kwa malipo ya mayai, maziwa na dola chache, hasa mjini Bunia, na Machi 2005 Zeid Ra'ad Al-Hussein wa Jordan akamkabidhi Katibu Mkuu taarifa iliyotikisa misheni zote. Kitengo cha nidhamu kilitenganishwa na ofisi ya jinsia, na ni vyema hivyo. Ila kijijini wanawake hawajui mipaka ya vitengo, nao humwendea yule waliyemzoea. Mtu wa kujitolea, mwenye mkataba wa muda, anayepanda gari na helikopta kwa hisani ya hao hao wanaoshitakiwa, hulazimika kulipeleka shitaka hilo. Misheni inayomtaka awe na ushujaa huo inawajibika kumlinda, na si haki kumwachia peke yake.

Ndani ya kambi hufundisha, na mafunzo hushika zaidi yanapotoka kwa askari mwenyewe. Meja Steplyne Nyaboga wa Kenya alitunukiwa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya mtetezi wa jinsia wa kijeshi kwa mwaka 2020 kwa utumishi wake Darfur. Na ili askari wanawake kama yeye waongezeke, Umoja wa Mataifa umejiwekea shabaha ya kufikia asilimia 15 ya wanawake katika vikosi ifikapo mwaka 2028, kutoka takriban asilimia 1 ya wenye sare wote mwaka 1993.

Udhaifu mkubwa wa mpango huu ni muda. Kuaminiwa na wanawake wa kijiji huhitaji misimu, ilhali mkataba huhesabiwa kwa miezi, na mara nyingi afisa huondoka pale tu wanapoanza kumwita kwa jina. Misheni nayo huondoka: Juni 2024 MONUSCO ilifunga kazi yake Kivu Kusini, na Januari 2025 Goma ikatekwa na waasi wa M23. Kazi ikabaki kwa idara za jinsia za mkoa, kwa vyama vya wanawake, na kwa wale watu wa kujitolea wa kitaifa ambao mkataba wao ulikwisha lakini nyumba zao zimo mtaa ule ule. Na daftari za majina ya wakunga, wauguzi, machifu na mahakimu, zilizokusanywa kwa miaka mingi, thamani yake yategemea kama kabla ya kufunga ofisi zilikabidhiwa, kwa siri inayostahili, kwa watu hao.