Jinsi mbwa na panya walivyofichua madhara ya shinikizo la damu

MTU anaweza kuishi na shinikizo la damu kwa miaka mingi bila kuhisi maumivu yoyote, huku kuta za ateri zake zikiendelea kuharibika. Mengi yanayojulikana kuhusu uharibifu huo yaligunduliwa kwanza kwa wanyama wa maabara.

Mnamo 1934, Harry Goldblatt, mtaalamu wa magonjwa mjini Cleveland, Marekani, alitangaza matokeo ya majaribio aliyowafanyia mbwa. Alibana ateri zinazopeleka damu kwenye figo kwa kibanio cha fedha, na shinikizo likapanda na kudumu. Ilidhihirika kuwa figo iliyopungukiwa na damu yaweza kuzusha maradhi hayo.

Miaka mitano baadaye, Clifford Wilson na Frank Byrom wa London walibana ateri ya figo moja tu ya panya. Figo iliyobanwa ilisalimika, kwa kuwa kibanio kiliikinga dhidi ya shinikizo kali. Ile ya pili, ambayo haikuguswa, ndiyo iliyopata majeraha mabaya katika ateri zake ndogo. Hivyo shinikizo lenyewe lilionekana kuwa na uwezo wa kujeruhi mishipa.

Mnamo 1963, Kozo Okamoto na Kyuzo Aoki wa Kyoto, Japani, walitangaza ukoo wa panya wanaopatwa na shinikizo la damu kwa kurithi, bila kubanwa wala kupewa dawa. Wanapozeeka, baadhi ya panya hao huvimba kuta za ateri, hasa za matumbo na korodani. Hali hiyo inafanana na poliateritisi nodosa, ugonjwa wa binadamu ulioelezwa nchini Ujerumani mnamo 1866.

Hata hivyo, kwa binadamu mambo huweza kwenda kinyume. Uvimbe hutangulia, ukazifanya ateri za figo kuwa nyembamba, kisha shinikizo likapanda kama lilivyopanda kwa mbwa wa Goldblatt.

Je, kinga ya mwili inachangia? Mnamo 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta, Marekani, waliwachunguza panya wadogo wasio na seli za kinga za aina ya T na B. Walipopewa homoni ya kupandisha shinikizo, lilipanda kwa kiasi kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Waliporudishiwa seli za T, lilipanda kikamilifu. Waliporudishiwa seli za B pekee, halikubadilika.

Lakini panya si binadamu. Katika utafiti uliotangazwa 2017, dawa ya kutuliza uvimbe iitwayo canakinumab ilipunguza mishtuko ya moyo miongoni mwa watu waliowahi kupatwa na mshtuko kama huo. Shinikizo lao la damu halikushuka.

Kwa hiyo, dawa za uvimbe haziwezi kuchukua nafasi ya zile za kuteremsha shinikizo. Anayepimwa kwa siku tofauti na kupatikana na kiwango cha 140/90 au zaidi anahitaji kumwona daktari, hata akijihisi mzima. Figo ya pili ya wale panya wa London haikuguswa na mtu, na bado iliharibika.