Repack: Miaka 50 ya mteremko uliozaa baiskeli za milimani

Tarehe 21 Oktoba 2026 inatimia miaka 50 tangu vijana wachache wa Kaunti ya Marin, kaskazini ya San Francisco nchini Marekani, waliposhindana kuteremka kwa baiskeli kuukuu katika barabara ya zimamoto iliyo karibu na mji wa Fairfax, bila leseni na bila mwendeshaji wa kulipwa hata mmoja. Kumbukumbu pana ya mashindano hayo imeachwa na mwandaaji wake, Charlie Kelly, katika kitabu chake Fat Tire Flyer cha mwaka 2014, na kwa mujibu wa masimulizi yake, mchezo huu haukubuniwa na kiwanda chochote, bali ulitokana na ubishi wa marafiki kuhusu nani anayemzidi mwenzake kwa kasi.

Baiskeli zilizopendwa zaidi zilikuwa Schwinn za kabla ya Vita Kuu ya Pili, ambazo zilikuwa na tairi nene, fremu nzito na breki ya nyuma, yaani ile inayokaza pale mwendeshaji anaposukuma pedali kinyumenyume. Mteremko wenyewe ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 3.4 na ulishuka karibu mita 400, wenye kona kali, mawe na vumbi, kiasi kwamba joto la breki liliyeyusha grisi iliyomo ndani ya habu, ambayo ni kitovu cha gurudumu, hadi ikatoka moshi. Baada ya kufika chini, habu ililazimika kufunguliwa, kusafishwa na kujazwa grisi upya, na kazi hiyo ndiyo iliyoupa mteremko huo jina la Repack.

Kwa kuwa njia haikuruhusu kundi zima kuondoka pamoja, kila mshindani aliachiwa peke yake baada ya muda maalumu, huku saa mbili zilizooanishwa, mojawapo ikiwa ya mabaharia, zikiwekwa moja kileleni na nyingine bondeni. Alan Bonds alishinda siku ya kwanza kwa sababu ni yeye pekee ambaye hakuanguka. Baadaye Gary Fisher aliweka rekodi ya dakika 4 na sekunde 22, na Joe Breeze akamkaribia kwa tofauti ya sekunde 2 tu. Kwa kuwa muda wa kila mmoja uliandikwa, aliyeshindwa hakuwa na la kujitetea isipokuwa kurudi karakana na kuiboresha baiskeli yake. Hivyo ndivyo Breeze alivyounda mwaka 1977 fremu mpya iliyokusudiwa milima tangu mwanzo, naye fundi Tom Ritchey akafuata kwa fremu ambazo Fisher na Kelly waliziuza kuanzia 1979.

Yaliyofuata yanajulikana: baiskeli za viwandani mwaka 1981, ubingwa wa dunia mjini Durango mwaka 1990, na Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, ambako zilishindaniwa mbio za nyika, yaani mizunguko ya kupanda na kushuka ambamo washindani wote huanza pamoja.

Mkondo mmoja wa historia hiyo ulifika Afrika Mashariki, kwani Ritchey alizuru Rwanda mwaka 2005 na mwaka uliofuata akasaidia kuandaa mashindano yaliyoshirikisha pia baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ndugu wa chukudu, yaani vyombo vya mbao vya kubebea mizigo vya Goma nchini Kongo. Timu ya Rwanda iliyoundwa baada ya hapo ilimfikisha Adrien Niyonshuti katika mbio za nyika za Olimpiki ya London mwaka 2012, ambako alimaliza wa 39. Hata hivyo, heshima ya Kigali kuandaa ubingwa wa dunia mwaka 2025 ilihusu mbio za barabarani, huku vilima vinavyofaa mchezo wa Niyonshuti vikibaki bila sifa inayolingana navyo.

Marin nako kuna jambo la kusikitisha: Fairfax imepata makumbusho ya baiskeli tangu 2015, lakini njia nyingi nyembamba za Mlima Tamalpais ulio jirani bado zimefungwa kwa waendeshaji, kutokana na mvutano wa miongo kadhaa na watembea kwa miguu. Kuihifadhi baiskeli ndani ya kabati la kioo na kuizuia isipite mlimani ni kuienzi nusu, kwa sababu historia ya Repack inaonyesha kwamba chombo hicho kilitengenezwa na njia kabla hakijatengenezwa na fundi.